Rangi Inatuna Ukutani: Maswali Ninayoulizwa Kila Masika

Mwezi wa nne ukifika, simu za mafundi rangi wa Dar es Salaam hulia kwa jambo moja: ukuta wa ndani umetoa malengelenge. Wengine husema rangi imetuna, wengine imevimba, wengine ukuta unatema rangi. Haya ni majibu ninayowapa wateja, hasa wenye nyumba za bloku huku pwani. Mwenye nyumba ya mawe Unguja au Mombasa ana swali lake chini huko, asiruke.

Kwa nini rangi inatuna?

Rangi ikikauka inakuwa ngozi nyembamba iliyong'ang'ania ukuta. Ikituna, ama kuna kitu kinaisukuma kutoka nyuma, ama haikushika tangu siku ya kwanza. Kinachosukuma ni maji karibu kila mara, yakiwa peke yake au yamebeba chumvi. Ukuta ukiwa na maji ndani, chumba kikipata joto maji hayo yanatafuta njia ya kutoka, na njia iliyo karibu ni uso wa ukuta. Yanakuta umeuziba kwa rangi ya plastiki. Basi yanaisukuma.

Isiposhika, chanzo huwa vumbi la msasa ambalo halikufutwa, mafuta ya jikoni, chokaa ya zamani inayopukutika, au rangi ya maji iliyopakwa juu ya rangi ya mafuta inayong'aa.

Fundi aliniuzia rangi feki?

Inawezekana, lakini mara nyingi sivyo. Nimewahi kuitwa nyumba ambayo mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kampuni ya rangi mara tatu kwa miaka minne, kila mara akipanda bei. Rangi ya nne nayo ilituna palepale, sentimita chache juu ya sakafu, ukuta uleule unaopakana na bustani anayoimwagilia kila jioni. Rangi haikuwa na kosa.

Rangi iliyochakachuliwa kwa maji mengi huonekana kwa namna nyingine: haifuniki vizuri, na ukipitisha kiganja kinatoka na unga. Kutuna ni habari nyingine.

Nitajuaje tatizo langu ni lipi?

Chukua kisu, tumbua lengelenge moja, uangalie mgongo wa kipande kilichotoka na mahali kilipotoka. Dakika mbili tu, na zitakuokolea ndoo nzima ya lita 20.

Ukikuta plasta tupu, na ni baridi, ina giza au inalowesha kidole, una maji ndani ya ukuta. Ukikuta unga mweupe kama magadi, au vijisindano vyeupe vinavyometa, una maji yenye chumvi. Ukikuta skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta juu ya plasta, imelainika kama chaki iliyolowa na inatoka kwa ukucha, maji yamekaa hapo siku nyingi: unga wa jipsamu hauvumilii unyevu hata kidogo. Lakini ukikuta rangi ya zamani ikiwa nzima, safi na kavu, basi ukuta hauna neno. Tabaka mbili za rangi zimekataana, na kazi yako ni nyepesi.

Halafu angalia lengelenge liko wapi. Chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno: maji yanapanda kutoka ardhini. Juu karibu na dari: paa au gata. Katikati ya ukuta, doa la mviringo au mstari ulionyooka: bomba. Kuzunguka dirisha: maji ya mvua yanaingia pembeni ya fremu au kwenye kizingiti kisicho na mteremko wa kutoka nje.

Ukuta unaonekana mkavu lakini nina wasiwasi. Kuna kipimo cha nyumbani?

Kipo. Kata kipande cha nailoni angavu chenye upana wa kama sentimita 45 kila upande, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiwe na upenyo, uache mpaka kesho yake. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Matone yakiwa upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya chumba: mvuke wa jikoni, nguo zinazoanikwa ndani, au madirisha yasiyofunguliwa. Usipake rangi mpaka nailoni ibaki kavu pande zote.

Ukuta wangu una fangasi chini, unatoa unga mweupe. Nitumie dawa gani?

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi. Kile kinachoitwa "fangasi ya ukuta" mitaani, yaani unga mweupe unaopukutika na rangi inayobanduka chini kabisa, si fangasi. Ni chumvi. Fangasi ni kiumbe hai: mara nyingi ni mweusi au kijani, ananuka, na ukimpaka Jik anapauka. Chumvi haina harufu, na Jik haiisumbui. Weka kidogo kwenye maji uone: inayeyuka. Kwa hiyo dawa ya kuua fangasi juu ya chumvi ni sawa na kumpa dawa ya minyoo mtu aliyevunjika mguu.

Chumvi inafanya hivi. Maji yanapanda ukutani kupitia vitundu vidogo vya bloku na plasta, kama chai inavyopanda kwenye mkate ukichovya ncha tu. Kwa kawaida hufika kama mita moja, mara chache hupita mita moja na nusu. Yakifika usoni yanakauka, lakini chumvi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake haikauki pamoja nayo. Inabaki, inaganda kuwa fuwele, na fuwele zinapokua nyuma ya rangi zinaisukuma na hata kuibomoa plasta yenyewe.

Tena chumvi ya kawaida ina tabia moja mbaya: hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, inaanza kuunywa unyevu huo yenyewe. Huku pwani hewa hufika hapo usiku mwingi tu wa mwaka. Ndiyo maana utaona ukuta unalowa Januari wakati hata wingu hakuna, ukadhani bomba limepasuka.

Chumvi hiyo imetoka wapi? Sikai ufukweni.

Inatoka ardhini, au uliijenga mwenyewe. Bloku zilizofyatuliwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa zina chumvi. Zege na plasta iliyokorogwa kwa maji ya kisima cha maji ya chumvi ina chumvi. Na sehemu nyingi za Dar na Unguja kisima ndicho kilichopo wakati wa ujenzi, kwa sababu bomba halijafika kiwanjani. Onja maji kabla ya kujengea. Yakikataa kutengenezea chai, yasiingie kwenye plasta.

Sababu nyingine ni ile nailoni nzito inayopaswa kulazwa juu ya msingi, chini ya bloku za kwanza za ukuta, ili maji ya ardhini yasipande. Nyumba nyingi hazina. Au ipo, lakini baadaye mwenye nyumba amemwaga zege la uani au kujaza udongo wa bustani mpaka ukaipita. Udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya usawa wa sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau. Toka nje sasa hivi ukapime.

Nikipaka rangi ya mafuta, si itazuia maji?

Itayazuia kwa miezi michache, halafu itatuna vipande vikubwa kama chapati. Rangi ya mafuta inaziba zaidi kuliko ya maji, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakitoka kidogo kidogo yanakusanyika nyuma yake au yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Nilifanya kosa hili mwenyewe miaka ya mwanzo ya kazi: mteja alitaka nyumba ipendeze kabla ya harusi, nikapiga rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu. Harusini ilipendeza. Mwezi wa tatu baada ya hapo nilirudi kukwangua bure, na mama mwenye nyumba hakunipa hata maji ya kunywa. Alikuwa na haki.

Na nikibandika marumaru, mbao za plastiki au jipsamu kuficha?

Utaficha. Maji yataendelea kupanda nyuma yake, na unyevu utatokeza juu ya mstari wa marumaru, pale ambapo zamani palikuwa pakavu. Sishauri, ingawa najua wanaouza mbao hizo watakwambia kinyume.

Basi ukuta wenye maji ya ardhini na chumvi unatengenezwaje?

Anza nje. Punguza udongo uliopanda, elekeza maji ya gata mbali na ukuta, ziba nyufa za plasta ya nje, hamisha bustani au bomba la kumwagilia. Karo la maji machafu lililochimbwa karibu na ukuta nalo ulichunguze. Nimeona kuta zilizopona kwa hatua hii tu, bila kugusa chochote ndani zaidi ya kukwangua na kungoja.

Ndani, kwangua rangi na skimu yote iliyolegea. Plasta ikiwa imelika, itoe mpaka kwenye bloku, na usiishie pale doa linapoishia: panda sentimita 30 zaidi angalau, maana chumvi imeshatangulia mbele ya unachokiona. Kifusi chake kitupe. Usikisage ukakorogea plasta mpya, utakuwa umerudisha chumvi nyumbani.

Chumvi iliyobaki kwenye bloku iondoe kwa brashi kavu, halafu uizoe. Kavu! Ukimwagia maji inayeyuka na kurudi ndani, kesho kutwa inatoka tena. Rudia kila baada ya siku kadhaa mpaka brashi iwe haileti kitu.

Kuna dawa za kudunga ukutani kuweka kizuizi pale nailoni ilipokosekana: fundi anatoboa matundu ya milimita 12 hivi kwenye udongo wa kuungia bloku, juu kidogo ya sakafu, yakiachana kama sentimita 12, kisha anajaza krimu inayosambaa na kuzuia maji yasipande. Kwenye tofali za kuchoma na bloku zisizo na matundu inafanya kazi vizuri ikifanywa kwa uangalifu. Kwenye bloku zenye matundu ndani, krimu inadondoka kwenye uwazi, na hapo ni bahati nasibu.

Plasta mpya ikorogwe kwa mchanga wa mto uliooshwa na maji baridi yasiyo na chumvi, kipimo kimoja cha saruji kwa vinne vya mchanga, pamoja na dawa ya kuzuia maji inayochanganywa kwenye maji ya kukorogea. Juu yake weka skimu ya saruji nyeupe, usiweke ya jipsamu. Kisha praima (tabaka la kwanza la kushikiza rangi) inayohimili alkali, yaani ule ukali wa saruji, halafu rangi ya maji isiyong'aa. Inayong'aa inaziba zaidi, na kila kibonyo utakiona.

Ningoje muda gani kabla ya kupaka?

Mrefu kuliko unavyotaka. Wajenzi wa zamani wana kanuni: ukuta uliolowa kabisa hukauka kwa mwendo wa mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Bloku ya inchi sita, basi, ni miezi sita tangu siku ulipokata chanzo cha maji. Watu wanacheka nikiwaambia. Haimaanishi ukae na ukuta mbichi nusu mwaka. Unaweza kukwangua, kufungua madirisha, kuweka feni na kurudia kipimo cha nailoni. Ila ukipaka wiki mbili baada ya kuziba bomba, usiniite.

Ukiweza kuchagua, kata chanzo mwishoni mwa masika, uache miezi ya Juni hadi Septemba ikukaushie ukuta bure, upake kabla ya vuli.

Nyumba yangu ni mpya kabisa. Mbona nayo?

Kwa sababu ulihamia haraka. Plasta ya saruji inahitaji siku 28 hivi kukomaa, na kwenye mvua zaidi. Ikiwa bado mbichi ina maji mengi, na alkali yake ni kali sana. Rangi ya mafuta ikiwekwa juu ya alkali hiyo inageuka kitu kinachonata na kuteleza. Si ajabu: sabuni hutengenezwa kwa mafuta na alkali, na wewe umeipika ukutani.

Ukuta unaotuna ni wa chumba cha kulala, nyuma yake kuna bafu.

Funga koki zote za nyumba, soma dira ya maji, usitumie maji kwa saa kadhaa, isome tena. Ikiwa imesogea, bomba linavuja mahali fulani baada ya dira. Ikiwa haijasogea, shuku maji ya kuoga: udongo wa kuzibia kati ya marumaru umeliwa, au bomba la maji machafu sakafuni limeachia. Kwa wanaotumia tangi la juu, dira haisaidii. Jaza tangi, funga kinachoingia na kila koki, weka alama ya usawa wa maji, uangalie asubuhi.

Malengelenge yako juu, karibu na dari.

Panda juu ya paa ukiwa na fundi bati. Usipande juani mchana, na usipande mwenyewe kama hujazoea. Misumari iliyolegea, mahali paa linapokutana na ukuta uliopanda juu yake, gata lililojaa majani ya mwembe. Kwenye paa la zege tafuta maji yanayosimama baada ya mvua.

Viputo vidogo vinatokea palepale fundi anapopaka. Ni maji pia?

Hapana, hiyo ni hewa. Rola inazungushwa kwa kasi, rangi imetikiswa sana au imeongezwa maji kupita maelezo ya ndoo, au ukuta una kiu na haukupewa praima, kwa hiyo unavuta maji na kutoa hewa kwa mpigo. Punguza mwendo. Acha tabaka la kwanza likauke: saa mbili hadi nne kwa rangi ya maji siku yenye hewa kavu, zaidi wakati wa masika. Vikiganda, piga msasa mwembamba, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu, pitisha tabaka jingine.

Nilipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, inabanduka kama ngozi ya nyoka.

Haikuwa na pa kushika. Kwangua inayotoka, osha mafuta na uchafu kwa sabuni, piga msasa mpaka mng'ao ufe, weka praima ya kushikiza, ndipo upake.

Kwangu ni madoa meusi pembeni mwa kabati na nyuma ya kitanda.

Huyo ndiye fangasi wa kweli, na tatizo ni hewa isiyozunguka. Chumba chenye kiyoyozi kinachopozwa mchana kutwa kinaweza pia kufanya ukuta uwe baridi kiasi cha hewa ya joto ya upande wa pili kutoa jasho juu yake, kama chupa ya soda mezani. Sogeza kabati kidogo kutoka ukutani, fungua madirisha asubuhi. Madoa yaoshe kwa Jik, sehemu moja kwa tatu za maji, ukivaa glavu na madirisha yakiwa wazi. Usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, kwa sababu mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Mwenye pumu asifanye kazi hii.

Nina nyumba ya zamani ya mawe Mji Mkongwe. Nifuate hayohayo?

Hapana, karibu kinyume chake. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, nene, na zilijengwa zikijua kwamba zitalowa. Maji yanaingia, chokaa inayaachia yatoke. Kwa miaka mingi zilipakwa chokaa tu na hazikuwa na malengelenge, kwa sababu chokaa haina ngozi ya kutuna. Zilianza kuugua pale watu walipoanza kuzipiga plasta ya saruji na rangi ya plastiki: maji yakafungiwa ndani, yakaanza kula mawe na vichwa vya boriti za mikoko vilivyoingia ukutani.

Kwa hiyo huko toa saruji pale inapotoka bila kuvunja jiwe, rudishia plasta ya chokaa, paka chokaa. Itapauka, na kila baada ya muda utapaka tena. Ni kazi ya bei ndogo. Kabla ya kugusa lolote, zungumza na mamlaka ya uhifadhi, maana mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na matengenezo yana taratibu. Lamu nako, uliingia 2001.

Rangi ninayotaka kukwangua ni ya miaka mingi. Kuna hatari?

Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Usiipige msasa kavu wala kuichoma moto. Ilowanishe, ikwangue ikiwa mbichi, vaa barakoa nzuri, tandika nailoni sakafuni, na watoto na mama mjamzito wasiwepo mpaka usafi uishe.

Je, ninaweza kurekebisha kipande tu, nisipake ukuta mzima?

Matengenezo ya kipande, ndiyo. Kwangua mpaka ufike rangi iliyoshika kweli, sawazisha kingo kwa msasa usione ngazi, jaza, weka praima. Ila rangi ya mwisho ipitishe ukuta mzima, kona hadi kona. Rangi ya zamani imeshapauka, na ya leo hata ikitoka ndoo yenye namba ileile itaonekana kiraka mchana jua likipiga dirishani. Ukishamaliza, andika namba ya rangi na tarehe kwa kalamu nyuma ya mlango wa kabati la ukutani. Fundi atakayekuja baada yangu atakushukuru.